Pikipiki yangu ilivyopanda meli hadi Mombasa, na hela zilikoishia

Tangu niweke picha ya pikipiki yenye namba za Uingereza imepaki pale Raskazone, Tanga, meseji haziishi, na wengi mnauliza kitu kimoja tu, "mkuu meli bei gani?" Sasa naandika mara moja niache kurudia. Meli sio shida. Nauli ya baharini ndio sehemu nyepesi kuliko zote, tena utakuta kampuni inakutajia bei ndogo mpaka unajiuliza hawa wanapata faida wapi, faida yao iko mbele huko utaikuta. Hela inaliwa kwenye ncha mbili, unakopakia na unakoshushia, na ya kushushia ndio inayouma. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize mpaka Mombasa paundi ngapi, uliza mpaka pikipiki inatoka getini inanguruma ni paundi ngapi, na wakuandikie kwenye email.

Mimi kwetu Tanga ila kazi na maisha viko Uingereza miaka mingi sasa, na likizo ya safari hii nilikuwa nimeikusanya, sio ile ya wiki mbili ya kukimbizana na harusi na misiba. Nina Yamaha Ténéré 700, pikipiki ambayo Uingereza nusu ya uwezo wake imelala tu, unaenda nayo kununua maziwa. Nikasema safari hii inaenda nyumbani ikale vumbi. Kwa nini Mombasa na sio Dar? Kwanza ukitoka Mombasa mpaka Tanga ni karibu, sio hata nusu ya kutoka Dar kama utazingatia na foleni ya kutoka mjini. Pili makaratasi, Kenya wanaijua vizuri ile karneti, kitabu cha kuingiza chombo kwa muda nitakachokielezea chini, na AA Kenya ndio chama cha magari kinachosimamia mambo yake kule. Tatu nilitaka kupanda feri ya Likoni na pikipiki yangu mwenyewe, sababu ya kitoto lakini ndio hivyo.

Mnaoagiza mizigo China mnaijua CBM, yaani mita za ujazo, na hapa ndio mchezo wote ulipo. Ukiweka pikipiki kwenye kontena la kuchangia na wengine, meli haishughuliki na kilo zako, wanapima urefu mara upana mara kimo basi. Ténéré ikiwa nzima, kwa vipimo vya kiwandani, ni sm 237 kwa 90.5 kwa 145.5, zidisha hapo unapata CBM 3.1. Sasa toa tairi la mbele, toa kioo cha upepo, toa vioo vya pembeni, usukani ulaze, mbele ishushe chini uifunge, kreti langu likatoka sm 205 kwa 85 kwa 120, hiyo ni CBM 2.1 hata haifiki. Yaani CBM nzima imeondoka kwa spana na jioni moja gereji.

Kwa ndege ndio balaa zaidi maana wao wanageuza ukubwa kuwa kilo. Unachukua sentimita za ujazo unagawa kwa 6000, halafu wanakuchaji zile kilo zilizo nyingi, za mzani au za hesabu. Pikipiki hii na mafuta yake na oili ina kilo kama 205. Ukiipeleka ilivyo, bila kufungua hata boliti, inahesabiwa kilo 520, kwenye kreti langu ingehesabiwa 348. Bado unalipia hewa nyingi tu lakini sio hewa ya kukuliza. Na ndege ina masharti yake, pikipiki inaingia kwenye kundi la mizigo ya hatari, UN 3166, daraja la 9, mafuta kwenye tenki yasizidi robo, kwangu hiyo ni lita 4 maana tenki ni lita 16, na mawakala wengi wanataka libaki karibu kavu, betri ilindwe isipige shoti, na ile fomu ya mzigo wa hatari haijazwi na wewe, inajazwa na mtu aliyesomea na huyo mtu analipwa. Uzuri wake ndege inafika ndani ya siku chache na kule mwisho hakuna longolongo nyingi kama bandarini. Kama mfuko unaruhusu na muda ni mdogo, ndege. Mimi muda nilikuwa nao, mfuko ndio ulikuwa na maoni tofauti.

Kuhusu kreti, usikimbilie seremala. Pikipiki mpya zinakuja kwa madila zikiwa kwenye makreti na wao wanayatupa, tena wengine wanalipia yabebwe. Nenda na maneno matamu na gari la kuazima, unapewa bure. La chuma ni bora kwa sababu mbao zina sheria ya kimataifa inaitwa ISPM 15, ubao lazima upashwe joto mpaka katikati yake ifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, ndio upigwe chapa yenye herufi HT, wanaogopa wadudu wa mbao kuhama nchi. Kreti la mbao zisizo na chapa linaweza kukwamia bandarini na gharama ni za kwako. Kwenye kufunga, mikanda ivute shokapu za mbele kidogo tu, ukizikandamiza mpaka mwisho zikakaa hivyo wiki na wiki utakuta sili zimelegea na oili inachuruzika. Cheni niliipaka grisi nene, vyuma vyote nikavifuta kwa kitambaa chenye mafuta, hewa ya chumvi haina undugu. Halafu piga picha kila upande, kila mkwaruzo, na odomita, kabla hujafunga.

Sasa lilipotajwa kreti kwenye grupu la familia orodha ikaanza. Shangazi yeye hakuandika, alipiga kabisa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaleta sanduku."

"Ni kreti shangazi, la pikipiki."

"Sasa pikipiki inajaza sanduku zima? Hapo kwenye matairi hapakai blenda?"

Panakaa, tena blenda mbili. Nikamweleza kwamba forodha watalifungua kila kitu kitaonekana, akanijibu "si utawaambia ni ya shangazi yako." Jamani, karneti inabeba pikipiki na vile vilivyoandikwa kwenye karneti tu, tairi la akiba, masanduku ya pembeni, basi. Ukichomeka blenda, simu, viatu vya watoto, hapo umeshaingiza bidhaa, na badala ya kuthaminiwa blenda peke yake kreti lote linawekwa pembeni mpaka mtu wa kukagua apatikane, na kila siku linalolala pale linakula hela. Niliwakatalia wote. Blenda nilimnunulia Mombasa mjini, akasema sio ya Ulaya, ila anaitumia.

Kwa meli inabidi ukubali kusubiri. Tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi kubwa ziliacha njia ya Suez zikawa zinazunguka bara zima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na makontena mengi yanabadilishiwa meli njiani, kwa hiyo tarehe ya kufika uliyopewa ichukulie kama ahadi ya fundi cherehani. Mimi tiketi yangu ya ndege sikuikata mpaka ramani ya simu iliponionyesha meli iko jirani.

Bima ya mzigo nayo msiidharau. Kuna kitu kwenye sheria za bahari cha zamani sana, meli ikipata janga na gharama zikatumika kuiokoa, wenye mizigo wote mnachangia hata kama mzigo wako haujaguswa. Watu wanadhani ni hadithi. Mwaka 2021 ile Ever Given ilipokwama Suez mwezi wa tatu, siku 6 dunia nzima inaiangalia, wenye meli walitangaza hiyo kitu, na makontena yote yakakaa ndani ya meli kule Misri mpaka mwezi wa saba ndio ikaruhusiwa kuondoka. Mwenye bima, kampuni yake inasaini dhamana anapewa mzigo. Asiye na bima anatafuta hela yake mwenyewe, kwa ajili ya meli ambayo hata hakuipaki yeye.

Haya, karneti. Jina lake kamili ni la Kifaransa, ni kijitabu unachopewa na chama cha magari cha nchi unayoishi au wakala wake, kinachosema hii pikipiki inaingia nchi ya watu kwa muda na itatoka, na isipotoka sisi tutalipa ushuru wake. Kwa sababu wao wamejifunga, na wewe wanakufunga, unaweka dhamana, ama hela taslimu ama unalipia bima ya dhamana, na kiasi kinategemea thamani ya pikipiki na nchi unazopita. Kinadumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu, cha chini wanakikata ukiingia, cha katikati wanakikata ukitoka, cha juu kinabaki kwenye kitabu na ndicho kinachopigwa mihuri yote miwili. Hicho cha juu kilinde. Ukirudi na muhuri wa kuingia bila wa kutoka, kwa macho ya forodha pikipiki bado iko kule inauzwa, na wanaweza kudai ushuru wao, na dhamana yako ndio inaliwa. Kwa hiyo mpakani usiondoke dirishani kwa haraka ya kuwahi chakula, fungua kitabu, angalia muhuri, angalia tarehe, angalia amekata kipande sahihi. Na ile sheria ya Kenya ya chombo kisizidi miaka 8 ambayo kila mtu ananitajia, hiyo ni ya magari yanayoingia kukaa, sio ya mtu anayepita na karneti.

Kadi ya pikipiki, ile V5C, beba orijino. Ukikaa nje chini ya miezi 12 huhitaji kuifuta Uingereza.

Mombasa sasa. Meli imefika, kontena limefunguliwa, mimi nimefika na begi langu nikidhani kesho yake niko barabarani. Wakala wa forodha niliyempata kule mjini alikuwa mtu safi, mzee wa makamo anaongea taratibu, kila karatasi ameiweka kwenye mfuko wake wa plastiki. Tukaenda kwenye ukaguzi, kreti likafunguliwa upande mmoja, afisa akainama na tochi ya simu kwenye shingo ya pikipiki akaanza kusoma namba ya chasi kwa kidole huku ameshika ile hati ya meli, B/L. Namba ya chasi ni herufi na tarakimu 17. Akasoma, akarudia, akasimama akajinyoosha mgongo. "Ndugu yangu, hii ya chuma na hii ya karatasi si moja." Kwenye karneti iko sawa, kwenye V5C iko sawa, kwenye chuma iko sawa, ila kampuni iliyopakia Uingereza kwenye B/L yao walikuwa wamezigeuza tarakimu mbili, ya mbele iko nyuma. Tarakimu mbili! Na huwezi kufuta kwa peni, lazima kampuni iandike barua, laini ya meli irekebishe kwenye mfumo, forodha waione, na Uingereza ilikuwa ijumaa jioni watu wameshaenda baa.

Afisa hakuwa na ubaya wowote, nami nisingependa afisa anayepitisha namba mbili tofauti. Ila stoji, hela ya mzigo kulala bandarini, ilikuwa inatembea. Ukijumlisha hela ya delivari oda (ile karatasi ya kuruhusu mzigo utoke), ya kufungua kontena, ya fokolifti kunyanyua kreti, ya bandari, ya wakala, halafu hizo siku za kulala, ncha ya kushushia ilizidi nauli ya baharini, na wala sio kwa kidogo. Ile kampuni nilipowadai fidia walinijibu kwa heshima kubwa na hawakulipa kitu. Kwa hiyo mwenzangu, kabla meli haijaondoka waambie wakutumie rasimu ya B/L, kaa nayo na kadi yako, soma namba ya chasi herufi moja moja, ya enjini pia, na mwambie mtu mwingine asome tena akiwa hajakuangalia wewe.

Ilipotoka nikaiunganisha palepale uani chini ya mwembe, na hapo ndio raha ilipoanzia, vijana wa fokolifti wote wakaacha kazi. Mmoja anashika tairi, mwingine ananiambia spana sio hiyo, boda mmoja akaniletea mafuta kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu akakataa hela ya kwenda. Maswali ndio yaleyale, inakula lita ngapi, inabeba abiria wangapi, spea zake ziko wapi. Nilipowaambia ni ya mtu mmoja na mizigo walinionea huruma kidogo. Betri niliyoichomoa Uingereza nikairudishia, pikipiki ikawaka mara ya kwanza, kelele zilizopigwa pale utafikiri Coastal Union imefunga.

Bima ya Uingereza kule haifanyi kazi, unakata ya kulekule, na omba palepale wakupe na COMESA, ile kadi ya njano ya bima, inakufunika mpaka Tanzania. Tanzania ilishatoka kwenye jumuiya ya COMESA tangu 2000 lakini kwenye kadi ya njano bado imo.

Likoni nikapanda, katikati ya boda na mikokoteni na watu mia kadhaa, nimebanwa kushoto na baiskeli yenye kuku na kulia na jamaa anauza korosho aliyeweka trei lake juu ya tenki langu bila kuniomba, akauza pale mpaka tunafika ng'ambo. Ukunda, Msambweni, lami nzuri, minazi, halafu Lunga Lunga. Pale mpaka ni wa kituo kimoja, unamalizana na Kenya na Tanzania jengo moja upande wa unakoingia, kwa hiyo ukitoka Kenya unapita tu unaenda kumaliza Horohoro. Dada wa forodha alikigeuzageuza kile kitabu akaniuliza "sasa wewe Mtanzania pikipiki Mzungu?" tukacheka, akafanya kazi yake vizuri na mihuri ikakaa inapotakiwa.

Kutoka hapo sina la kuwaeleza sana maana nyumbani mnakujua. Kwenye vibao vya 50 endesha 50, trafiki wako na tochi na pikipiki kubwa wanaisikia kabla hawajaiona. Kipande kimoja tu nitakitaja, Mombo kupanda Lushoto, kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde la mto upande wa pili, baridi inaanza kuingia kwenye shingo ya jaketi na unanusa mikaratusi, na hapo nilisema hata lile la tarakimu mbili nimelisamehe. Halafu kona inayofuata nikakutana na basi limechukua njia yote. Piga honi kila kona, msione aibu.

Je inalipa? Kwa likizo ya wiki mbili tatu, hapana, wala usijaribu. Kodi pikipiki Arusha au Nairobi, au fanya kama rafiki yangu mmoja aliyenunua Boxer mpya, akazunguka nayo mpaka Mbeya mwendo wa mdogomdogo, ikiharibika kila kijiji kina fundi na spea ziko dukani kwa Mangi, na alipomaliza akamuuzia binamu yake. Alitumia hela kidogo kuliko niliyotumia kushusha tu. Kupeleka ya kwako ni kwa mtu mwenye miezi, anayetaka kupita nchi kadhaa, au mkaidi kama mimi. Mkienda na karneti na likizo haijatosha, mnaweza kuiacha mahali salama mrudi tena kama forodha ya nchi hiyo wanakubali, ilimradi itoke kabla ya mwaka wa karneti kuisha. Na nyaraka za kuitoa Uingereza zitunze, ikirudi ndani ya miaka 3 unaombea msamaha wa ushuru kwa mali iliyorudi, bila karatasi wanaweza kukuona unaingiza pikipiki mpya.

Mwakani tunataka kuacha kabisa haya ya kuchangia kontena na watu baki, tuchukue la futi 20 letu wenyewe. Ndani lina mita 5.9 kwa 2.35, nimepiga hesabu, makreti manne yanalala kwa urefu na mawili kwa upana, sita jumla bila kupandanisha, linafungwa mbele ya macho yetu na kufunguliwa mbele ya macho yetu, na zile gharama za bandari zinagawanywa. Wachache tumeshakubaliana ila nafasi bado zipo. Anayeishi Uingereza na ana likizo ndefu anitafute mapema, karneti huwa inachukua muda wake, na kreti lisizidi sm 205 kwa 85, wenye BMW GS na yale masanduku ya alumini ya pembeni mnayavua, hakuna mjadala.